Mitungi Mabegani mwa Vijana, Bahari Mikononi mwa Nani?

Katika fukwe za Nungwi na Matemwe kisiwani Unguja, Utende kisiwani Mafia, na hata Watamu na Wasini upande wa Kenya, kuna mgawanyo wa kazi unaojirudia kila asubuhi ya msimu wa wageni, kiasi kwamba wengi wameuzoea na hawauulizi tena. Vijana wa kijiji hubeba mitungi ya hewa kutoka ghalani hadi botini, hung'oa nanga, huendesha injini na kuwashika wageni mkono wanapopanda. Kisha boti inapofika penye mwamba, mara nyingi anayetangulia majini kama kiongozi wa kundi ni mtu aliyetoka mbali, ambaye pengine hajamaliza misimu miwili katika bahari hiyo, ilhali aliyezaliwa kando yake hubaki kwenye shetri akifuata mapovu kwa macho.

Wapo wenyeji waliouvuka mpaka huo, na baadhi yao leo ni wakufunzi wanaoheshimika, lakini bado ni wachache mno kuweza kubadili sura ya biashara nzima. Makala haya yanashikilia kwamba safari za kuzamia kwa mitungi, ambazo ndani yake mgeni hushuka majini akipumua hewa iliyoshindiliwa na kumfuata mzamiaji mwenye cheti, hazitaulinda mwamba wala kuinufaisha kaya ya mvuvi mpaka uongozi wa chini ya maji uwe mikononi mwa watu wa pwani wenyewe. Soko halina sababu ya kuleta mabadiliko hayo kwa hiari yake, kwa hiyo lazima yaandikwe katika masharti ya leseni.

Mwamba ulio hai

Tumbawe, ambalo macho yasiyozoea hulidhani jiwe, ni kundi la wanyama wadogo mno waitwao polipu, ambao kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa na kuishi humo. Na ndani ya nyama za polipu hao huishi mwani usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho. Ndiyo sababu matumbawe yanayojenga miamba hustawi katika maji ya joto, maangavu na yasiyo na kina kirefu. Yale yenye matawi yanaweza kurefuka kwa sentimita 10 hivi kwa mwaka, lakini yale ya mviringo, yaliyoshikamana kwa mabonge, huongezeka kwa takriban sentimita moja tu, kwa hiyo bonge lenye kimo cha mtu mzima huenda lilianza kukua kabla ya babu wa nahodha kuzaliwa. Miamba hii hufunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari zote za dunia, hata hivyo karibu robo ya aina zote za samaki wa baharini huitegemea kwa makazi, malisho au mazalio.

Kwa Waswahili, habari za matumbawe hazikuletwa na watalii. Majumba na misikiti ya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Gedi yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na kwa chokaa iliyochomwa kutokana nayo, na maandishi ya Kikufi yaliyomo kiblani mwa msikiti wa Kizimkazi, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107 wa Miladia, yalichongwa katika jiwe la aina hiyohiyo. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana katika siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, wanawake hutembea juu ya mwamba uliobaki wazi wakichokoa pweza, na changu, pono na chewa wanaofika jikoni hutoka hukohuko. Anayeutaja mwamba kama kivutio cha utalii peke yake anaieleza nyumba kwa kutazama dirisha lake moja.

Nyumba hiyo imekwisha kupata mapigo mazito. Mwaka 1998, joto la bahari lilipopanda kupita kiasi, matumbawe ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi yaliutoa mwani wake, yakapauka, na katika sehemu nyingi yakafa. Hali hiyo ilirudi mwaka 2016, na mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la upaukaji lililoikumba dunia nzima. Kwa miongo kadhaa, baruti za wavuvi haramu zilivunjavunja miamba ya pwani ya Tanzania. Mbele ya madhara ya ukubwa huo, kuna anayeuliza kwa haki kabisa: pezi la mguuni mwa mtalii mmoja lina uzito gani? Jibu ni kwamba pezi moja halina uzito wowote wa kutajwa, lakini wageni hawaji mmoja, na wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Zaidi ya hayo, mwamba uliochoshwa na joto ndio unaohitaji kuachwa upumzike, na joto la bahari haliwezi kuzuiwa na kijiji chochote cha Mafia wala Kwale, ilhali pezi linaweza kuzuiwa leo.

Kazi ya kiongozi

Ili kuelewa kwa nini kiongozi ana uzito kuliko sheria iliyobandikwa ukutani, ni lazima kwanza kufahamu kinachompata mwanadamu anaposhuka. Kifaa kilichomwezesha mtu wa kawaida kupumua chini ya maji bila kufungwa kwa mpira wa hewa unaotoka juu kilikamilishwa nchini Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau akishirikiana na mhandisi Émile Gagnan, na msingi wake haujabadilika: valvu hutoa hewa ya mtungini kwa shinikizo lililo sawa na la maji yanayomzunguka mzamiaji. Kila anaposhuka mita 10, shinikizo hilo huongezeka kwa kiasi kilicho sawa na uzito wa anga lote lililo juu ya bahari, kwa hiyo kwenye kina cha mita 20 kila pumzi hutumia hewa mara tatu ya ile ambayo ingetumika juu, na mtungi ambao ungetosha kwa saa moja na nusu huisha kwa nusu saa.

Hatari mbili hufuata. Ya kwanza ni kuzuia pumzi wakati wa kupanda, kwa kuwa hewa iliyofungiwa mapafuni hutanuka kadiri shinikizo linavyopungua, na inaweza kuyapasua. Ya pili ni naitrojeni, gesi inayofanya sehemu kubwa ya hewa, ambayo huyeyuka mwilini wakati wa kukaa chini. Mtu akipanda kwa haraka, gesi hiyo hutoka kwa mapovu ndani ya damu na maungo, ikaleta maumivu makali, kupooza, na pengine kifo. Kiongozi hupandisha kundi lake polepole na kulisimamisha karibu na mita 5 kwa dakika 3 ili gesi hiyo ipate muda wa kutoka kwa amani. Inafaa kuongeza hapa jambo lisilopendeza: katika ukanda huuhuu wapo vijana waliopooza kwa sababu walipewa mitungi na wanunuzi wa majongoo bahari, wakashuka tena na tena bila mafunzo yoyote. Elimu inayomlinda mgeni kwa dakika arobaini haijamfikia jirani yake anayezamia kwa ajili ya mkate.

Juu ya fizikia hiyo huja elimu ya mahali. Ghuba ya Chole kisiwani Mafia hujaa na kukauka kupitia milango michache, mkubwa wao ukiwa Kinasi, na kwa kuwa tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua inaweza kufika karibu mita 4, mkondo unaopita hapo si wa kuchezewa. Maji yanapoingia huleta maji safi ya bahari kuu, na mtu huona mbali. Yanapotoka huburuta tope la ghuba pamoja na mzamiaji asiyejua saa. Wakati wa kusi, mawimbi huufunga upande wa nje wa ghuba, na wakati wa kaskazi hufunguka. Haya yote hayamo katika kitabu cha mafunzo kinachouzwa duniani kote, lakini yamo kichwani mwa kijana yeyote aliyekwenda kuvua na baba yake tangu utotoni. Je, kuna hekima gani katika biashara inayomlipa mwenye elimu hiyo ili abebe mtungi, kisha inamlipa asiye nayo ili atangulie?

Maelezo ya botini hayatoshi

Vituo vingi vya kuzamia hujitetea kwa kusema kwamba wageni hupewa maelezo kabla ya kutumbukia: usiguse, usisimame juu ya tumbawe, usimfukuze kasa. Utaratibu huo ni mwema, ila una mipaka. Watafiti walioandamana na wazamiaji 353 katika kisiwa cha Saint Lucia, bahari ya Karibea, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004, waligundua kwamba karibu robo tatu yao waligusa mwamba walau mara moja, mara nyingi kwa mapezi, na kwamba wenye kamera walikuwa wagusaji wakubwa kuliko wengine. Neno fupi la tahadhari lililotolewa kabla ya kushuka halikubadilisha chochote. Kilichobadilisha mambo ni kiongozi aliyemwona mtu akigusa, akamsogelea na kumrekebisha palepale: kiwango cha kugusa kilishuka hadi karibu theluthi moja ya kilivyokuwa.

Ugunduzi huo ungepaswa kusomwa katika kila ofisi inayotoa vibali vya utalii wa bahari, kwa sababu unauhamisha mzigo wote kutoka kwenye karatasi hadi kwenye mwili wa mtu mmoja aliye chini ya maji. Kiongozi mwenye wageni wanne huwaona wote. Mwenye wageni kumi humwona yule aliye karibu na kuwahesabu waliobaki. Shirika la PADI, lililoanzishwa Marekani mwaka 1966 na ambalo vyeti vyake ndivyo vinavyoonekana zaidi katika pwani hii, huweka kikomo cha wageni wanne kwa mkufunzi mmoja pale wanaojaribu kuzamia kwa mara ya kwanza wanapopelekwa bahari ya wazi, na kina kisichozidi mita 12. Wenye vyeti, kinyume chake, huachiwa busara ya kituo, na busara ya kituo katika mwezi wa Agosti au Desemba hujulikana.

Kuna pia swali la idadi. Katika kisiwa cha Bonaire, nacho cha Karibea, ambacho kililinda miamba yake kwa kuanzisha hifadhi ya bahari mwaka 1979 na kuanza kumtoza kila mzamiaji dola 10 mwaka 1992, wachumi na wanaikolojia walikadiria kwamba eneo moja la kuzamia huanza kuonyesha uchovu linapopokea mizamio kati ya 4,000 na 6,000 kwa mwaka, mzamio mmoja ukiwa ni kushuka na kupanda mara moja kwa mtu mmoja. Makadirio hayo hayawezi kuhamishwa jinsi yalivyo kutoka Karibea hadi Bahari ya Hindi, lakini yanaweka wazi kwamba ukomo upo na kwamba unaweza kuhesabiwa. Kwenye mwamba unaozunguka kisiwa cha Mnemba, karibu na Matemwe, boti za wazamiaji, za wanaoelea kwa miwani na za wanaotafuta pomboo hujibanza mahali pamoja asubuhi hiyohiyo. Nani anazihesabu, na akishazihesabu ana uwezo wa kumrudisha nani?

Mgeni akija, nani hupona?

Methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone inadai hesabu. Safari ya siku moja yenye mizamio miwili aghalabu humgharimu mgeni dola 100 au zaidi, bila kuhesabu ada ya hifadhi, chumba na chakula. Katika fedha hiyo, mbeba mitungi na msaidizi wa boti hupata ujira wa kutwa, na wakati wa masika, vituo vingi vinapofunga milango, hawapati kitu. Kiongozi mwenye cheti hulipwa kwa mwezi au kwa kila mzamio, hupata bakhshishi kwa sababu yeye ndiye anayekumbukwa na mgeni, na cheti chake humfuata popote, iwe Pemba, Diani au Maldivi. Tofauti kati ya wawili hao ndiyo tofauti kati ya mtoto anayeendelea na sekondari na yule anayerudishwa pwani kuokota chambo.

Kaya za wavuvi pia ndizo zilizolipa gharama ya kwanza ya uhifadhi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995 ikiwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 822, na vijiji vyenye watu vikawa ndani ya mipaka yake. Mwanaanthropolojia Christine Walley, katika kitabu chake Rough Waters kilichotoka mwaka 2004, ameeleza kwa kirefu jinsi watu wa kisiwa cha Chole walivyoipokea hifadhi hiyo kwa matumaini, kisha wakaanza kuuliza ni nani hasa anayeamua. Mvuvi akiambiwa aondoe nyavu zake mahali fulani ili samaki wazaliane, anaweza kukubali, na wengi wamekubali. Lakini akiona siku zinapita na mahali pale panaingizwa boti za wageni peke yake, na mwanawe yumo ndani ya boti hizo kama mpagazi, je, atashawishika kwa hoja gani kwamba mwamba ni wake? Mwenye nyavu asiyeshawishika hurudi usiku.

Ipo mifano ya njia nyingine. Kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, kimefungwa kwa uvuvi tangu mwaka 1994 chini ya hifadhi inayoendeshwa na kampuni binafsi, na walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi waliofundishwa kuwa waelekezaji wa wageni na walimu wa wavuvi wenzao. Ajabu ni kwamba Chumbe haimruhusu mgeni kuzamia kwa mtungi kwa ajili ya starehe. Huogelea juu ya mwamba kwa miwani na mrija, akiandamana na mlinzi, na bado wageni huenda na hulipa. Kule Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walianza kujipanga mwaka 2003 baada ya kuona samaki wamepungua, wakafunga sehemu ya bahari yao yenye ukubwa wa hekta 30 hivi, na mwaka 2017 jumuiya yao ikapata tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Katika sehemu zote mbili, aliye majini na mgeni ni mtu ambaye kesho atakutana na mvuvi msikitini au sokoni, na hilo ndilo linaloipa kauli yake nguvu ambayo hakuna bango linaloweza kuwa nayo.

Vikwazo na hoja za wenye vituo

Wenye vituo wana hoja zao, na baadhi ni za kweli. Kumfikisha mtu ngazi ya kuongoza wenzake huhitaji kozi kadhaa zinazolipiwa kwa mamia ya dola, vitabu ambavyo wengi huvisoma kwa Kiingereza, na mizamio isiyopungua 60 iliyoandikwa kwenye daftari. Wageni nao hutaka mtu wanayeelewana naye. Hoja ya lugha, hata hivyo, huisha uso wa maji unapofunika kichwa, kwa kuwa huko chini hakuna Kiingereza wala Kijerumani, kuna ishara za mikono ambazo mvuvi wa kisiwa cha Jibondo, huko Mafia, hujifunza kwa asubuhi moja. Hoja ya gharama ni nzito zaidi, lakini kituo kinachoweza kumlipia mfanyakazi kutoka nje tiketi, kibali cha kuishi na malazi hakiwezi kudai kwamba hakina uwezo wa kumsomesha kijana mmoja wa jirani kila mwaka.

Kikwazo kinachozungumzwa kwa nadra ni cha wasichana. Katika vijiji vingi vya visiwani, watoto wa kike hukua hatua chache kutoka baharini bila kufundishwa kuogelea, kwa sababu za stara na kwa kukosa walimu wa kike, hali ambayo huwaweka nje ya kazi hii kabla hata ya kuifikiria. Mafunzo ya kuogelea kwa wasichana yaliyoanzishwa kaskazini mwa Unguja, wakiwa na mavazi ya kujisitiri na walimu wanawake, yameonyesha kwamba kizuizi hicho si cha dini bali cha mpangilio. Mwanamke anayejua mahali pweza anapojificha hatakosa cha kumwonyesha mgeni.

Masharti yanayohitajika ni machache na yanaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Leseni ya kituo cha kuzamia itolewe na kuhuishwa kwa kuzingatia idadi ya viongozi wenye vyeti waliotoka katika vijiji vinavyopakana na mwamba, na idadi hiyo ipande mwaka hadi mwaka. Wageni kwa kila kiongozi wasizidi wanne. Mwenye kamera asiyemudu kuelea bila kushika chochote aiache botini. Na kila mwamba uwe na kikomo cha mizamio kwa mwaka, kinachohesabiwa kwa daftari lililo wazi kwa kamati ya kijiji. Mafunzo ya hatari ya naitrojeni na ya kupanda polepole yatolewe pia kwa wazamiaji wa majongoo bahari, kwa Kiswahili na bila malipo, kwa fedha ya ada inayokusanywa kwa wageni.

Mamlaka za hifadhi za bahari za Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya zina uwezo wa kuyaweka masharti haya kupitia vibali zinavyovitoa, bila kusubiri mradi wala mfadhili. Msomaji anayekusudia kuzamia msimu ujao naye ana uwezo wake, kwani biashara hii humsikiliza mlipaji kuliko inavyomsikiliza mtu mwingine yeyote: kabla ya kutoa fedha, na aulize nani atakayetangulia majini, ametoka kijiji gani, na atakuwa na wageni wangapi nyuma yake.